Siku Niliyouza Mbegu Bila Kuuliza

Enzi zetu, na nyinyi mliokua Makueni miaka ileile mtanisahihisha, mtoto wa kuuliza sana alihesabiwa kuwa mtoto asiye na adabu. Nyumbani ukiuliza "kwa nini" unatumwa maji. Shuleni ukiuliza "kwa nini" jibu lilikuwepo, ila lilikuwa na urefu wa fimbo. Basi mimi nikawa bingwa wa kutikisa kichwa. Mwalimu akisema "Mmeelewa?" sauti yangu ndiyo iliyotangulia zote, "Ndiyo, mwalimu!" na kichwani kweupe kama shamba la mwezi wa nane.

Na bado zilikuwa siku tamu. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa anayelengwa katikati, kwa mpira wa makaratasi na soksi hadi vumbi likatupaka rangi moja wote. Muthokoi wa jana, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ukipashwa moto tuligombania ukoko kuliko chakula chenyewe. Mtoni tulifukua mchanga mpaka maji yachungulie, kisha tukajaza mitungi ya punda kwa kikombe, kikombe kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyeona ni shida. Watoto wa leo mfereji ukikauka saa moja tu, wanatangazia dunia nzima kwa simu.

Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama, aliuza mbegu katika soko la mji wa Wote. Si hizi za pakiti zenye picha. Zake zilichaguliwa kwa mkono, zikapakwa jivu, zikatundikwa juu ya moshi wa jikoni. Mbele yake palikuwa na mifuko miwili ya mahindi. Mmoja ulikuwa wa mbegu ya milimani, kutoka Mbooni, punje nono kama meno ya ng'ombe. Mwingine ulikuwa wa mbegu ya nchi kavu, punje ndogondogo, zenye sura ya kitu kilichoonewa.

Wenzake walipiga kelele kuita wateja. Yeye aliuliza. Kabla hujagusa gorogoro, lile kopo la kupimia, alikuwa ameshaanza: udongo wa kwako ukiukanyaga unashika mguu au unakimbia? Mvua ya kwenu huondoka lini? Mwaka jana ulipanda nini, na kilikufanyia nini?

"Mama, unauza mbegu ama unatafuta mahali pa kuoza binti?" mzee mmoja alimtania.

"Binti simwozi kwa watu nisiowajua," Mwaitu akamjibu. "Na mbegu nizioze kwa nani?"

Watu walicheka, lakini mimi niliona aibu. Niliona mama yangu hajui biashara. Nikaapa kwamba siku nikiachiwa ile mifuko, soko zima litanijua.

Siku hiyo ikaja, mwezi wa kumi, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kina mama wa kanisa walikuwa na mkutano wao, Mwaitu akaniachia kazi. Hakuwa amefika mbali nilipomwona mwanamke mmoja mwembamba, miguu imejaa vumbi, kakumbatia kuku wa shingo tupu aliyefungwa mguu kwa kitambaa cha kijani.

"Mbegu zangu zimeliwa na wadudu," akasema. "Sina kingine ila huyu kuku. Nipe mbegu nzuri, mwanangu."

Nzuri! Mtu mzima angeuliza nzuri kwa wapi. Mimi nilifungua mdomo na sikuufunga. Nikamwambia mbegu ya milimani huzaa hindi la urefu wa mkono, na hindi lenyewe sijawahi kuliona. Nikamwambia hata wakubwa wa serikali hupanda hiyo. Mkono wake ulipoelekea kwenye ule mfuko mwingine nikaucheka: "Hizo, mama, ni za kumpa kuku wako." Akachukua gorogoro mbili za punje nono, akanibariki, akaenda. Nikabaki na kuku, nimevimba kifua kama askari wa gwaride.

Mwaitu aliporudi nikamwonyesha kuku kabla hajauliza.

"Ulimuuzia nani?"

"Mama mmoja."

"Wa wapi?"

"Sikuuliza."

"Sasa ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza kama ameona zilivyo kubwa."

Mwaitu akakaa juu ya mfuko. Hakunigombeza, na hiyo ilinitisha zaidi. Akaniuliza vumbi la miguu yake lilikuwa na rangi gani. Nikasema jeupe, kama la mchanga. Akafunga macho. "Basi ni wa nchi ya chini," akasema. Mbegu ya milimani hukaa shambani karibu miezi mitano, na kule chini mvua haikai hata miwili. Mahindi ya yule mama yangefika magotini mabichi kabisa, kisha mvua iage. Watoto wake wangekula nini mpaka msimu mwingine? Tena watu walikuwa wameanza kupanda kavu, kama tufanyavyo, mbegu ingoje mvua ardhini. Ikinyesha, zimeota, na hakuna wa kuzirudisha.

"Ningeenda mwenyewe," Mwaitu akasema, "lakini mimi sikuuona uso wake. Umeuza bila kuuliza. Kesho utauliza bila kuuza."

Asubuhi nikashika njia ya Kathonzweni, iendayo nchi ya chini, mbegu ya nchi kavu mgongoni, kuku kwapani. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Hata leo nikiambiwa twende Machakos kichwa huanza kuuma nikiwa bado kitandani. Ile ndiyo safari kubwa ya maisha yangu, na nilisafiri na kuku.

Kila niliyekutana naye nilimuuliza, "Umeona mama mmoja?" Wakanicheka mpaka nikatamani kulia. Mzee mmoja aliyekuwa akiziba pancha ya baisikeli akaniambia, "Wewe msichana, huku kina mama ni wengi kuliko mbuzi. Swali lako halina miguu, litafika wapi?"

Nikakaa kando ya barabara. Kwa mara ya kwanza maishani nilifikiri kwanza, nikasema baadaye. Nilijua nini hasa? Nilijua kuku. Nilijua kitambaa mguuni mwa kuku, cha kijani, chenye mshono, kama pindo la sare ya shule. Nikainuka.

"Mzee, ni shule gani huku watoto wake huvaa kijani?"

Akaniangalia vizuri sasa. "Ah! Hilo sasa ni swali. Vuka mto wa mchanga, ukiona tangi la maji umefika."

Pale shuleni nilimkuta mpishi, mama mnene, akikoroga isyo, mahindi na maharagwe ya watoto, kwa mwiko mrefu kama jembe. Sikumuuliza kuhusu mama mmoja. Nilimuuliza, "Mama, ni nani huku hufuga kuku wa shingo tupu?"

"Kwani umemwiba?" akasema, kisha akamtazama kuku wangu. "Huyo ni wa Mama Mwende! Jana alilia akimbeba kwenda soko. Una nini naye?"

Nilimkuta Mama Mwende shambani na watoto wake watatu, jembe mkononi. Alikuwa ameshapanda karibu nusu ya shamba. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nilipomweleza aliegemea jembe lake.

"Jana ulikuwa na maneno kama mhubiri," akasema. "Haya ungeyasema jana."

"Jana sikuwa nimeuliza, mama."

"Na leo nifanyeje? Nifukue shamba?"

Nikauliza. Je, shamba lote lina udongo mmoja? Akasema hapana, juu ni mchanga mtupu, chini karibu na mto ni mweusi. Huo mweusi hukauka lini? Akageuka kuutazama kana kwamba ameletewa shamba jipya. "Huo?" akasema polepole. "Huo hushika unyevu mvua ikishaenda. Mboga za marehemu mume wangu zilikaa hapo mpaka kiangazi." Nikauliza tena: mbegu umeshapanda wapi? Huko juu kote, akasema. Kwenye mchanga.

Basi tukafukua. Yeye, mimi na wale watoto, kwa vidole, shimo baada ya shimo, tukizitoa punje za Mbooni zilizokuwa bado kavu na jivu lake. Wale watoto walifanya mchezo, anayekosa punje anaimba. Mwende, mkubwa wao, alinitania, "Wewe ndiye wa hindi la mkono? Tuonyeshe mkono!" Tukapanda zile nono kule chini kwenye udongo mweusi, na juu tukapanda zile ndogo zenye sura ya kuonewa. Nilipotaka kumrudisha kuku, Mama Mwende akakataa. "Rudi naye. Leo ndio umemfanyia kazi." Mvua ilinikuta njiani. Sikukimbia.

Msimu ulipoisha Mama Mwende alikuja sokoni na kikapu cha mahindi, madogo kutoka juu na machache makubwa kutoka kando ya mto. Hakuna lililofika urefu wa mkono, lakini watoto walikuwa wameshiba. Hakumsalimu Mwaitu kwanza. Alisema, "Yuko wapi yule wa kuuliza?" Nami, niliyekuwa najificha nyuma ya mifuko, nikatoka.

Siku hizi Mwaitu hayupo na mimi nina kibanda cha mbegu, hapahapa Wote, na kiti changu tumezeeka pamoja. Kidato cha nne ndicho kilikuwa mwisho wangu wa darasa. Yaliyobaki nimefundishwa na wateja. Nawaona vijana wa biashara wakipita na vipaza sauti kwenye pikipiki, wanaongea kutoka Wote hadi Makindu bila kumeza mate. Wakirudi na mzigo wanasema wateja hawaelewi. Mimi siwacheki sana, maana nawajua. Nilikuwa mmoja wao, tena bila kipaza sauti.

Mpwa wangu Mutheu huuza mbegu zangu kwa simu. Juzi mtu wa Mwingi aliandika kuuliza kama mahindi yetu yanafaa kwao, naye Mutheu akamjibu, "Yako fiti sana," na vipicha vya maua matatu. Nusura nianguke kutoka kitini. Nikamwambia amrudie, amuulize jambo moja tu ambalo yeye Mutheu halijui kweli. Akazungusha macho, "Aunty, watu hawana huo muda." Akafikiri kidogo, akaandika: *Mwaka jana ulipanda nini kikakuangusha?*

Sisi tulitembea nusu siku tukitafuta mtu mmoja wa kumuuliza. Hawa wanao watu elfu mkononi na wanawapa maua. Natamani Mwaitu angeipata simu hii hata kwa wiki moja. Angeuliza Ukambani kote.

Jibu la Mwingi likaja kwa sauti, refu, mzee akieleza shamba lake kutoka mpaka hadi mpaka, mchwa, mteremko, mwaka ule wa kwanza na ule wa pili, kama mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe. Mutheu alizima redio, akavuta kigoda karibu, akairudisha sauti mwanzo.