Tenga la Bibi Lisilofuka Moshi

Juzi pale sokoni Masasi nimekuta wanawake wamemzunguka binti mmoja mwenye fulana ya mradi. Mimi ni mtu wa kushuku, nisikufiche. Nikiona watu wamejazana mahali, nashika kwanza mkoba wangu ndipo nachungulia. Nikachungulia. Binti ameshika kapu kubwa lililoshonewa godoro kwa ndani, anasema ukichemsha maharage kidogo tu, ukayatumbukiza mle na sufuria yake, yanaiva yenyewe na gesi yako inadumu. Wanawake wakaguna kwa raha, wakaanza kuulizia bei. Mimi nikaketi juu ya gunia la muhogo la watu.

Maana kapu lile nilishaliona, rafiki yangu. Nililiona Mkunya nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama.

Kama umekulia Newala, habari ya maji huhitaji kusimuliwa. Sisi tuko juu, maji yako chini bondeni. Bibi aliondoka alfajiri na ndoo yake, akarudi jua likiwa utosini. Na mbaazi kavu unazijua: zinakula kuni kutwa, tena zinataka mtu wa kuchochea. Kuni za kuchezea hakuwa nazo, na mimi niko shule. Basi alichukua tenga lake la kuokotea korosho, akalijaza sufi ya mto uliochanika, katikati akaacha shimo la chungu. Alfajiri anachemsha mbaazi mpaka zitokote sana, anazitumbukiza mle na chungu chake, anafunika kwa mto mwingine wa sufi, juu anafunga khanga kuukuu kwa fundo moja kubwa. Moto anauzima kwa mchanga, vinga vinavyobaki ni vya kesho. Akirudi na maji anakuta mbaazi laini, anatia korosho zilizotwangwa, tunakula na ugali wa muhogo. Harufu ile hata leo ikinipitia puani nageuka nyuma.

Alikuwa bahili na mkali, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwenye lile tenga sharti lake lilikuwa moja: ukifunua, utakula mbichi.

Sasa, kijijini moshi ni habari. Ukitazama mapaa asubuhi unajua nani anapika na nani leo anashindia ming'oko, vile viazi vya porini. Kukishapambazuka paa la Bibi halikufuka, na mimi nazidi kunenepa. Aliyeanza ni jirani yetu. Alikuwa mtu mwema, usimchukie haraka, kwake nimekula mara nyingi. Lakini alilitazama paa letu, akayatazama mashavu yangu, akaanza kuniuliza kidogo kidogo. Bibi yako anapika saa ngapi? Anapika na nani? Lisemwalo lipo, alikuwa akipenda kusema. Mwishowe neno likapanda kutoka bondeni mpaka shuleni: Bibi anafuga ndondocha, mfu aliyefufuliwa afanyishwe kazi, ndiye anayempikia watu wakiwa hawapo, tena bila moto. Wenzangu wakaacha kunigawia ming'oko. Mwalimu aliwakemea, ila sahani ya mbaazi niliyompelekea hakuigusa.

Na mimi? Uongo dhambi, nilianza kumshuku bibi yangu mwenyewe. Nikirudi shule nalikuta tenga limekaa pembeni ya ukuta, limefungwa, na ukiweka sikio unasikia kitu kinavuma polepole ndani, kama mtu aliyelala. Sikuthubutu kulipa kisogo.

Wazee wakaitana. Huku kwetu mtu akitajwa uchawi alipelekwa kwa mganga, akanyolewa kichwa mbele za watu ili nguvu zimtoke. Bibi aliwaambia kwamba pafukapo moshi pana moto, sasa wao moto wameuona wapi pasipo moshi? Akamwita jirani na wanawake wengine wanne. Njooni Jumamosi alfajiri mwone ninavyotia, rudini saa nane tule wote. Zikiiva mniache, zisipoiva mninyoe. Wakaja, wakapekua hadi chini ya tenga. Bibi akafunga fundo lake, akashuka nao bondeni, asije akaambiwa alibaki nyuma.

Nikaachwa mimi na tenga.

Nilisema nitachungulia mara moja tu. Nikafungua fundo, nikatoa mto, nikafunua chungu. Mvuke ukanipiga usoni. Hapakuwa na mtu, mbaazi tu. Sikuamini, nikachukua mwiko nikakoroga mpaka chini kabisa nikimtafuta. Halafu nikaogopa kusogeza mkono tena, asije akanidaka huyo asiyeonekana, chungu kikakaa wazi hadi mvuke ukaisha. Ndipo nikafunika, nikafunga.

Saa nane walikuwa wamekaa mkekani. Bibi akainama kufungua, vidole vyake vikasimama juu ya khanga. Nilikuwa nimefunga fundo la kitoto, lenye masikio mawili, kama la mfuko wangu wa madaftari. Akaniangalia, kidogo tu. Kisha akafungua. Jirani akatia mbaazi moja mdomoni, tukaisikia ikilia kwenye meno.

"Leo tumetazama," jirani akasema taratibu, wala hakufurahi. "Ndiyo maana mpishi hakuja."

Wote wakamgeukia Bibi.

"Mbaazi za mwaka juzi hizi," Bibi akasema. "Ngumu. Kosa langu."

Wiki iliyofuata walimnyoa. Alirudi amejifunga kitambaa, akaimwaga sufi jalalani, tenga akalirudisha kwenye korosho. Paa letu likafuka kama mapaa ya wenzetu. Jirani akaanza tena kupita asubuhi na shikamoo yake, Bibi akamwitikia marahaba. Alikata kuni mpaka mgongo ukapinda, macho yakimchuruzika kwa moshi, na hakuna aliyemshuku tena. Mimi nilisubiri aniulize. Hakuniuliza mpaka tunamzika.

Nyumba ile haipo, na siku hizi Mkunya sijui hata nani angejua sufi ni ya nini. Pale sokoni nilisimama nikamuuliza binti humo ndani mna nini. Akacheka. Joto tu, mama. Bei yake sikuibishia, na mimi hubishia hata chumvi.

Nikalibeba mpaka kwangu Lisekese. Nikachemsha mbaazi, nikazitumbukiza, nikafunga khanga juu kwa fundo moja kubwa, nikaketi mbele yake. Vidole viliniwasha. Sikufunua. Saa nane nikafungua, nikabonyeza moja, ikapondeka. Nikapakua sahani, nikaipakata peke yangu nyumbani, nikasema kwa sauti neno nililopaswa kulisema siku ile mkekani.

"Ni mimi niliyefunua, Bibi."