Nyumba Nane na Maziwa ya Asubuhi

Mama anayetengeneza mtindi kule Birere, mtaa wa Goma, alinionyesha sufuria. Maziwa yalikuwa yamekatika: maji upande wake, mabonge upande wake.

"Papa, hii ni mara ya pili," alisema. "Ya tatu, natafuta mutu mwingine."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha, maana anayepiga kelele bado anataka mpatane. Kila asubuhi nilikuwa nashusha mjini lita arobaini, na ishirini zilikuwa zake. Nilihesabu njia nzima ya kurudi nyumbani: bila yeye nabaki na nusu. Nikahesabu tena. Nusu ileile.

Maziwa hutoka Kibumba kwa pikipiki na kufika karibu na soko la Virunga saa moja asubuhi. Hapo nayapanga, vidumu nane vya lita tano, kwenye chukudu yangu, magurudumu mawili ya mbao na usukani, injini ni mguu wangu, kisha napita nyumba nane. Ng'ombe hawakuwa na kosa. Yule mama alikuwa wa nane, na jua lilimfikia kabla yangu.

Mpangilio ulikuwa wa heshima. Aliyeanza kununua kwangu zamani alipata kwanza. Aliyekuja juzi alingoja. Wa kwanza alikuwa muzee mmoja wa Katindo, mwalimu mstaafu, aliyechukua maziwa yangu wakati majirani zangu wenyewe walikuwa wanayanusa na kuyarudisha. Wa pili alikaa Himbi, karibu na ziwa. Wa tatu Majengo, hatua chache kutoka nilikoanzia. Miaka minne nilizunguka mji kama mtu aliyepoteza funguo, na sikuona ajabu.

Aliyeona ni binti wa dada yangu. Anasoma chuo kikuu somo linaloitwa recherche opérationnelle, utafiti wa operesheni, na neno operesheni hapa Goma, penye wanajeshi, linamfanya mtu aangalie mlango uko wapi. Alichora nyumba zangu kama nukta, akaziunga kwa mistari kufuata mpangilio wangu. Karatasi ikawa kamba ya mbuzi aliyezunguka mti.

"Mjomba, nani alikufundisha njia hii?"

"Adabu."

"Adabu yako iko na kilometa mingi."

Akaniambia nyumba nane zinaweza kupangwa kwa namna elfu arobaini, mia tatu na ishirini. Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu, zilikuwa zilezile.

"Sasa nitazijaribu zote? Chukudu itaisha."

"Hapana. Angalia hapa, mistari miwili imepishana. Ikate, uiunge upya isipishane. Safari inafupika."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Kitu kinachofupika kila mara bila kubembelezwa sikuwahi kukiona sokoni. Tukakata, tukaunga, hadi ukabaki mviringo mmoja safi. Nikauliza nizungukie upande gani.

"Wowote. Urefu ni uleule."

"Kwenye karatasi yako. Karatasi haina mulima. Ukipandisha vidumu nane, chukudu haikubebi, wewe ndiye unaibeba."

Aling'ata kalamu. Kisha akafuta mistari yote na kuchora mishale, kila njia na bei mbili: ya kushuka na ya kupanda. Nilifurahi, bei mbili nazielewa. Jibu likawa nimpe wa Majengo palepale, nishuke Birere na karibu mzigo wote, niache nusu pale, nipite Himbi, nipande Katindo mwepesi.

Hesabu ilikuwa nzuri, ila ilimfanya muzee kuwa wa mwisho.

Jioni nilikwenda kwake na karatasi. Alivaa miwani, akafuata mishale kwa kidole, akasahihisha jina la mtaa mmoja.

"Kwa hiyo mimi, wa kwanza, ndiye wa nane."

"Kwa miguu tu, muzee. Kwa moyo bado—"

"Acha moyo. Chai yangu nakunywa saa moja na nusu. Wewe utafika saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Saa mbili."

"Muzee, kuna mulima. Saa tatu kasoro robo."

"Na utakaa. Miaka minne unaniachia maziwa kwenye mlango na kukimbia. Nyuma ya wa mwisho hakuna mutu anayekungojea."

Sikuwa nimeliona hilo, wala mpwa wangu na mishale yake. Tulipatana.

Asubuhi iliyofuata nilimpa wa Majengo, nikashuka moja kwa moja Birere, vidumu vikigongana mgongoni mwa chukudu. Mama alitazama jua, akanitazama mimi, akamimina kidumu cha kwanza kwenye sufuria bila salamu. Tulisimama wawili tukiangalia moto. Maziwa yakatulia, yakatetemeka pembeni, yakapanda yakiwa meupe, mazima, mpaka ukingoni. Akatoa ukuni mmoja. Yakashuka. Akachota kwa kijiko, akakiinamisha taratibu, akatafuta bonge. Hakupata.

"Vingine weka pale," alisema. "Kesho uje saa hii hii."

Nikaviweka, vitatu. Nikavihesabu tena, nikaondoka kabla hajabadili neno.