Ushahidi wa Mwalimu Salomea Kuhusu Kuchukua

Katika mji wetu wa Zawilcz, mtu akistaafu hupewa saa ya ukutani, kisha husahauliwa. Mwalimu Salomea Pytlik alipewa saa isiyotembea, na akasahauliwa kabla hajafika nayo nyumbani. Alikuwa amefundisha Kipolandi miaka thelathini na minne katika shule yetu ya msingi. Nami nilipita mikononi mwake, tena nikaja kuwa jirani yake wa mlango wa pili na karani wa mahakama ya wilaya, kwa hiyo ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho na mengine niliyasikia kupitia ukuta.

Hakuolewa. Watu walisema amekosa mume kwa sababu ya masanduku. Yalikuwa masanduku ya viatu, arobaini na moja, yamepangwa toka sakafuni hadi dirishani, na ndani yake mlijaa vikadi alivyoviandika kwa mkono. Angekusanya stempu, mji ungemwelewa. Yeye alikusanya vitenzi, wala si vyote, bali vile tu vya kushika, kukamata, kunyakua, kutwaa na kuchukua: vimetoka wapi, mababu walivitumiaje, Warusi wamevipinda vipi na Wacheki wamevifanya nini. Alituambia darasani kwamba Kipolandi kina maneno mengi zaidi ya kuchukua kuliko ya kutoa. Tuliandika hivyo madaftarini bila kushangaa.

Wakati mmoja alipeleka kurasa sitini kwa wasomi wa chuo kikuu. Baada ya miaka miwili walimjibu wakimshukuru na kumwomba siku nyingine aache nafasi kubwa zaidi pembeni mwa karatasi.

Mwaka wa tisini na nne ndipo mji ulipomhitaji. Zygfryd Hołda, mkuu wa ofisi ya nyumba za mji, alishtakiwa kwa kupokea bata bukini mmoja kutoka kwa mwokaji mikate, Wincenty Kłos, ili mwokaji apate nyumba yenye madirisha ya kusini. Mji mzima ulipigwa na butwaa. Si kwa sababu ya bata, bali kwa sababu alikuwa mmoja. Sisi tuliopata nyumba kupitia ofisi ile tulijua Bwana Hołda alikuwa na moyo mpana na sebule pana zaidi: mlikuwa na vyombo vya kioo, mazulia, koti la ngozi na mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi ya kutosha kulisha kikosi. Lakini polisi walikuwa wamethibitisha bata mmoja, na kila mtu alikaa kimya kwa adabu.

Wakili wa Hołda, kijana mwenye viatu vizuri, aliisoma taarifa ya mwokaji kwa polisi, akapata tundu. Kipolandi kina kitenzi cha kuchukua jambo likiwa linaendelea, nacho ni *brać*. Jambo likiisha kuna kitenzi kingine, ambacho hata undugu na hicho cha kwanza hakina: *wziąć*. Mwokaji angesema kwamba mkuu *wziął*, alichukua, basi bata ameshaingia chunguni. Yeye alisema mkuu *brał*, alikuwa akichukua. Wakili akadai kwamba mtu aliyekuwa akichukua huenda hakumaliza kuchukua, na sheria haimfungi mtu kwa kunyoosha mkono. Hakimu, mama aliyekuwa na kesi nyingine sita siku hiyo, akasema aletwe mtaalamu wa lugha. Mtaalamu wa mkoani alitaka treni ya daraja la kwanza na hoteli. Mwalimu Salomea alitaka kujua tu kama aje na masanduku yote.

Wiki moja kabla ya ushahidi, baada ya chakula cha mchana, Hołda akabisha mlangoni kwake. Ukuta wetu ni mwembamba. Ofisi yake ndiyo iliyoujenga.

"Karibu, Zygfryd. Usikae hapo, hapo pana herufi G."

"Kumbe Mwalimu bado unanikumbuka?"

"Nilikupa alama tatu. Ulistahili mbili, ila mama yako alikuwa analia. Hiyo nini mkononi?"

"Chokoleti tu, Mwalimu. Ya chai."

"Kaiweke nje ya mlango. Ukitoka utaichukua, kama majirani hawajaiona."

Jirani alikuwa ameiona. Ilikuwa na njugu ndani, nzuri sana.

Hołda akakohoa. "Mwalimu, mimi sikuja kwa ubaya. Nimekuja kuuliza. Hili neno *brać*, asili yake ni wapi?"

Mwalimu aliniambia baadaye kwamba ilibidi aketi. Miaka thelathini na minne darasani, wanafunzi elfu kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza neno lile limetoka wapi. Kisha nikasikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa, na baada yake kingine. Alimpitisha kila mahali. Alimwonyesha neno la reki ya bustanini na kitenzi cha kupora, wote wa mama mmoja. Walipofika sanduku la herufi Ł, ambamo neno letu la rushwa, *łapówka*, linaonekana limetoka kwenye guu la mnyama lenye kucha, Hołda aliomba maji. Lakini aliendelea kukaa. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi la pili, naye bado yumo, na mara moja nilimsikia akisema, "Na Wacheki je?"

Sauti ya Mwalimu ilibadilika pale. Nimeona watu wakihongwa kwa koti na kwa zulia. Mwalimu aliwekwa mfukoni kwa maneno matatu.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wote waliofika walisema wamefika kwa ajili ya haki, na karibu wote walikuwa wanaishi katika nyumba nzuri. Mwalimu Salomea alivaa gauni lake la kijivu la mahafali, akasimama wima kana kwamba sisi ndio tunaosahihishwa. Mimi nilikuwa mezani na taipureta yangu.

"Mwalimu," wakili alianza kwa sauti ya asali, "zamani za mababu, *brać* kilimaanisha nini?"

"Kubeba. Kuchukua kama mpagazi anavyochukua mzigo. Ndugu zake wako Ugiriki, wako Roma, wako India ya kale. Kwetu damu yake imebaki katika neno la mzigo, na katika neno la mwanamke mjamzito."

"Mpagazi anaumiliki mzigo anaouchukua?"

"Hapana."

"Na *wziąć*?"

"Huyo ni wa ukoo mwingine. Asili yake ni kushika kwa mkono, likaongezwa mbele yake neno la 'juu'. Unashika, unainua. Na ukoo huohuo ndio uliotupa kitenzi cha kuwa na kitu. Mababu waliona kuwa na kitu ni kule kukishika tu, kukishatulia."

"Kwa hiyo, Mheshimiwa Hakimu," wakili akageuka akitabasamu, "mwokaji, shahidi wa serikali, hakusema mteja wangu alishika, wala aliinua, wala alikuwa na kitu. Alisema, kwa asili ya neno, kwamba alibeba. Sina swali lingine."

Hołda akaegemea kiti. Mke wake akafunga mkoba. Mwendesha mashtaka alikuwa anaangalia dirishani, maana alishajua tangu asubuhi kwamba kesi imekwenda.

"Sijamaliza," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, wakili ameridhika," hakimu alimwambia.

"Ameridhika na nusu. Nilimfundisha baba yake, alikuwa hivyohivyo. Hayo niliyoeleza ni asili. Mwokaji hakusema miaka elfu mbili iliyopita, alisema mwezi wa tatu. Na leo *brał* haimaanishi kwamba jambo halikuisha. Mtu akifanya jambo mara moja akalimaliza, tunasema *wziął*. Akilifanya Jumatatu, akalifanya Alhamisi, na wiki ijayo tena, hatusemi hivyo. Tunasema *brał*. Ni mazoea."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mazoea?"

"Mazoea, Mheshimiwa. Kama kusema mtu alikuwa akivuta sigara. Hakuna atakayedhani hakuwasha hata moja."

Mwendesha mashtaka aliliacha dirisha lake. Aliomba mwokaji arudi kizimbani, akamuuliza kwa upole kabisa, "Bwana Kłos, hao bata walikuwa wangapi?"

Kłos alifikiri. Ni mtu mkweli, hajui hata kukanyaga breki ya ukweli wake. "Wa mwaka gani?" akauliza.

Niliyapiga taipu maneno hayo matatu, nikikumbuka nami nyumba yangu niliipataje.

Kesi iliahirishwa. Polisi wakaanza kupita nyumba hadi nyumba, na mashahidi kumi na watatu wakakumbuka mambo waliyokuwa wamesahau. Mwisho wake Hołda alipata kifungo cha nje cha miaka miwili na marufuku ya kushika ofisi ya umma kwa mitano. Zulia moja lilirudishwa kwa mwenyewe, ambaye alikana kulifahamu.

Mtu angetarajia mji umshukuru Mwalimu. Mji ulimwona mbaya. Kabla ya ushahidi wake tulikuwa raia wema wenye mkuu mla bata. Baada yake tukawa watu waliompelekea hao bata. Dukani kwa Kłos alianza kuuziwa mkate wa jana. Mkuu mpya wa ofisi ya nyumba, mtu safi, aliliweka ombi la Mwalimu la kutengenezewa ukuta wenye unyevu chini kabisa ya mafaili, kwa utaratibu safi.

Majira ya kuchipua nikasikia tena hodi mlangoni pake. Alikuwa Hołda, amekonda, koti la ngozi halipo. Mke wake alikuwa amekwenda kwa dada yake mjini Radom na hakuwa amesema atarudi lini.

"Mwalimu, nina swali moja tu. Kłos angesema *wziął*, ingekuwaje?"

"Ungekuwa na bata mmoja, Zygfryd."

Nikangoja atukane, nikawa tayari hata kuita polisi. Badala yake akasema, "Na Warusi? Warusi wanasemaje?"

"Wana hivyohivyo viwili. Ingia, unaleta baridi."

Tangu siku hiyo alikuwa akija kila Jumanne na Ijumaa. Kazi hakuwa nayo na salamu hakupewa, sawasawa na Mwalimu. Alikuja na taipureta, ambayo sikuuliza imetoka ofisi gani, akaanza kuvipiga chapa vikadi, sanduku baada ya sanduku. Nilimshika Mwalimu kwenye ngazi siku moja, nikamwambia kwa faida yake:

"Mwalimu, yule alikudanganya. Alikuja mara ya kwanza kwa sababu ya kesi."

"Nilijua kabla hajakaa," alisema. "Kwani mimi mtoto? Lakini aliuliza kuhusu Wacheki. Wacheki hawakuwa na faida yoyote kwa kesi yake."

Nikamsaidia kupandisha mfuko wake wa viazi.

Kazi ile iliwachukua miaka miwili na nusu. Kiwanda kidogo cha uchapaji huko Kielce kilitoa nakala mia mbili. Zilipofika, tulizipandisha wote watatu, na mimi ndiye niliyefungua bunda la kwanza. Jaladani paliandikwa Z. Hołda, na chini yake S. Pytlik. Nilimwangalia Hołda. Hołda aliangalia viatu vyake, akasema ni kiwanda ndicho kilichopanga.

"Ni alfabeti tu," alisema Mwalimu Salomea. "H inatangulia P. Hilo nililifundisha darasa la kwanza." Akavaa miwani, akafungua kitabu, akageuza kurasa bila haraka mpaka ya sitini na moja, akaguna. Kwenye mstari wa nne nukta ya herufi moja ilikuwa imeanguka. Akaomba kalamu ya wino mweusi, akaketi mezani akaanza kuirudisha, nakala moja moja, naye Hołda akimsogezea zilizobaki.