Likizo ya Wifi na Rangi Tatu

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya hesabu alipojifungua. Mtoto alikuwa bado ananyonya wakati chuo kilipomchagua wifi, pamoja na wanafunzi wengine wachache, kubaki likizo ndefu kufanya utafiti. Kaka alikuwa kazini mbali. Wifi akasema basi, nafasi apewe mwingine.

Mama yetu, fundi cherehani, hakutaka kusikia. "Nguo haziozi, wateja watasubiri. Mimi nitashika mtoto, mwanangu, wewe shika hesabu zako."

Siku ya kwanza wifi alifika chuoni na Mama na mtoto, ameshajiandaa kuomba radhi. Mhadhiri wao, mwanamke mfupi mwenye chaki mpaka kwenye nywele, hakumpa nafasi. Alifungua ofisi yake, akaondoa vitabu kwenye kochi, akamwambia Mama, "Hapa ni penu. Akilia gonga ukuta, darasa liko upande wa pili."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: nukta zimeunganishwa kwa mistari, kila nukta ipakwe rangi, na mbili zilizounganishwa zisifanane. Wifi aliamini kuna aina ya michoro ambayo haihitaji zaidi ya rangi tatu. Mwenzake alikuwa kijana waliyembandika jina Ngoja Kwanza, maana ndivyo alivyoanza kila sentensi. Uthibitisho ulikaribia kukamilika pale kijana huyo alipochora kitu kidogo ubaoni.

"Ngoja kwanza, dada. Huu unakataa."

Wifi akapaka, akafuta, akapaka tena. Mchoro uligoma kabisa. Ulitaka rangi ya nne.

Akaenda kujitupa kwenye kochi, akalia mpaka mtoto naye akaitikia. "Tufungashe, Mama. Nimekupotezea muda bure."

Mama alikuwa anabadilisha nepi. "Lia umalize. Halafu unawe uso urudi, usimwachie mwenzio msiba peke yake."

Mhadhiri akachungulia. "Umelia? Vizuri, mimi nililia mwaka mzima. Sasa niambie, tukimfukuza huyo mkorofi wa ubaoni, waliobaki wanatosheka na rangi tatu?"

Swali hilo ndilo likawa kazi ya likizo iliyobaki. Na kweli, wakathibitisha kwamba mchoro wowote wa aina ile, usiokuwa na mkorofi yule ndani yake, unatosheka.

Siku ya kuwasilisha nilikuwepo. Baada ya salamu sikuelewa kitu. Mama alipiga makofi kabla ya wakati, ukumbi ukacheka, kisha ukamfuata. Wifi akamshukuru Ngoja Kwanza "kwa kunibomolea nyumba kabla sijahamia," akamshukuru mhadhiri kwa ofisi na kwa lile swali. Alipomgeukia Mama, akashuka kumkumbatia.

Leo anamalizia shahada ya uzamili chini ya mhadhiri yuleyule, na hachoki kuieleza likizo ile. Lakini mimi nakumbuka zaidi tulivyotoka ukumbini, mtoto amelala begani kwa wifi.

"Mama, sijui hata nikwambie nini."

"Niambie tunakula nini. Njaa inaniuma."

Wifi akacheka, akamshika mkono, tukaenda kutafuta chakula.