Gramafoni Mbili Nilizopeleka Isevya

Siku yangu ya kwanza kazini, Tajiri, mwenye duka la gramafoni, hakunionyesha kiti wala kaunta. Alinikabidhi gramafoni ya begi, ile inayofungwa kama sanduku dogo la safari, akaniambia niibebe hadi stesheni ya reli na kurudi. Nilirudi mkono umekufa ganzi.

"Inabebeka?" akaniuliza.

"Inabebeka, Tajiri, ila inauma bega."

"Basi mwambie mteja hivyo hivyo. Usimdanganye kuwa ni nyepesi."

Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza, hapa Tabora. Mimi ni msichana wa Itetemia, Mkristo, nilisoma misheni. Tajiri aliniajiri kwa sababu wake wa wafanyabiashara wa Kiarabu hawakuwa wakija dukani, na mwanamume hakuweza kuingia ndani kwao. Kwa hiyo duka liliwafuata majumbani, na duka lenyewe lilikuwa mimi.

Fundi Mkuu, mzee mkali aliyekaa chumba cha nyuma, ndiye aliyenifundisha kazi. Gramafoni zile hazikutumia umeme. Ulizungusha mpini, springi ya ndani ikajikaza, na ikilegea ndiyo iliyozungusha santuri. Sindano ilikuwa ya chuma, na kila upande wa santuri ulitaka sindano mpya, la sivyo ile iliyochakaa inaichimba santuri. "Mwenye pesa kidogo asinunue sanduku linalong'aa," alikuwa akisema. "Anunue springi. Na asikubali kusikia kipande. Asikie upande mzima." Springi iliyochoka huzungusha polepole, na sauti ya mtu inageuka kuwa nzito.

Sasa niwaambie yaliyonipata mtaani Isevya, maana mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Bi Zuhura, binti wa Mzee Seif mfanyabiashara wa nta na asali, alikuwa ameweka akiba kwa kushona kofia. Aliagiza nimpelekee gramafoni za bei nafuu achague. Nilichukua mbili: moja nyekundu, mpya, na nyingine iliyochunika ngozi safarini hata bei yake ikashushwa. Nikachukua na santuri moja ya majaribio katika mzigo mpya wa Dar es Salaam. Hakuna aliyekuwa ameisikiliza bado, na juu yake paliandikwa jina la kikundi tu.

Nilifika baada ya swala ya alasiri. Mama yake, Bi Mwana, alikuwa amekaa mkekani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuchezee hayo makelele yenu."

Nilianza na ile nyekundu. Springi yake ilikuwa mbovu. Santuri ilizunguka kwa uvivu, fidla zikalia kama ng'ombe, na mwimbaji akatoka na sauti ya dume. Bi Mwana alicheka hadi akashika mbavu. "Babu huyu anaumwa nini?"

Nikahamishia santuri kwenye ile iliyochunika, nikabadili sindano, nikazungusha mpini hadi ukakaza. Safari hii mwendo ulikuwa sawasawa. Fidla zikatulia, kisha akaimba mwanamke. Katikati ya ubeti akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani, akaendelea.

Bi Mwana aliacha kucheka. Kikombe kilimtoka mkononi, kahawa ikamwagika mkekani, na wala hakuitazama.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha mwanzo. Kilipofika kile kicheko, Bi Zuhura alipiga ukelele: "Mama! Salma!"

"Salma ni nani?" niliuliza.

"Dada yangu," Bi Zuhura akanijibu, midomo imekauka. "Alikwenda Ujiji kwa shangazi. Baba akamfuata, akarudi na habari kwamba amekufa kwa homa na amekwisha kumzika. Tumemsomea hitma hapa hapa uani."

Nilitaka kuinua mkono wa gramafoni, lakini hakuna aliyeniambia niinue, na Salma akaendelea kuimba.

Hapo ndipo Mzee Seif alipoingia. Alikuwa amevua kiatu kimoja mlangoni. Kile cha pili hakukivua tena. Alisimama akasikiliza, uso ukapauka.

"Zima hicho," alisema.

"Baba Salma," Bi Mwana akamwuliza kwa sauti ndogo sana, "Ujiji ulimzika nani?"

Mzee Seif akakitazama kiatu alichobaki nacho.

"Nakuuliza. Ulimzika nani?"

"Alitoroka na mpiga fidla," akasema hatimaye. "Ningewaambia nini watu?"

"Watu? Ungeniambia mimi! Mimi ndiye niliyekaa na kulia!"

Upande wa santuri ukaisha, sindano ikabaki inakwaruza. Nikaanza kufunga sanduku nikimbie. Bi Mwana akalishika mfuniko. "Usifunge, mwanangu. Hili tumelinunua."

Nilirudi dukani karibu mbio. Tajiri aliponisikia alikaa juu ya kreti. "Lakini mimi nilikula pilau ya hitma ile!" alisema, akarudia tena, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba sivyo. Kisha akaulizia kwa wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam, wakawajua wanamuziki wale na mtaa wao. Bi Mwana na Bi Zuhura wakapanda treni. Mzee Seif hakuwazuia.

Siku waliyorudi nilikuwa stesheni kupokea mzigo. Walishuka watatu. Jirani yao mmoja alipomwona yule wa tatu alidondosha kapu akakimbia akisoma dua. Watu wakarudi nyuma, wakaacha uwazi. Salma aligeuka huku na huku, akamshika mama yake.

"Mama, mbona wananitazama hivi? Nimefanya nini?"

Hawakuwa wamemwambia. Safari nzima, mama yake hakuweza. Pale pale, kati ya mizigo, Bi Mwana akamwambia, nami nikaona mwanamke mzima anakaa chini kwenye mchanga. "Kumbe ndiyo maana salamu nilizomtumia Baba hazijibiwi," alisema. "Mimi nilidhani mmenikataa."

Baadaye nilihamishiwa Nzega, chini ya Meneja wa tawi, kisha Kigoma. Zikaja santuri za plastiki, nyepesi, na gramafoni za betri zenye mkono usiokwaruza. Nilipokwenda kumuaga Bi Mwana kabla ya kuhamia Nzega, nilimwuliza kama bado anaicheza santuri ile.

"Ya nini?" alisema. "Mwenyewe si huyo jikoni, anaunguza maandazi."

Mzee Seif alikuwa barazani. Alikula alichopika Salma, lakini jina lake hakulitamka tena.

Sasa nimestaafu, na vijana wananiuliza wanunue chombo kipi cha muziki chenye bei nafuu. Nawajibu: sikilizeni upande mzima. Ila jambo moja bado linanitia hofu. Siku ya hitma mji ulijaa ua ule wa Mzee Seif, watu wazima wenye akili zao, wakasoma, wakalia, wakala, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kaburi liko wapi.