Tundu Jeusi la Safu ya Tatu

Shule niliishia darasa la saba kule Kibondo, ufundi nikauokota gereji, kwa hiyo sijui kama nitayaeleza haya vizuri. Nataka tu niyaandike kama yalivyokuwa, bila kujipendelea.

Mtambo wetu wa Kasulu unapoza maji, na maji hayo ndiyo yanayopoza maziwa ya akina mama wa Titye na Nyakitonto. Una pipa refu la chuma lililojaa mirija ya shaba. Maji ya kisima hupita ndani ya mirija kuipoza gesi iliyo nje yake. Maji yale yana chokaa. Mirija ikishika magamba, mtambo unachemka, na inabidi kufungua vifuniko vya pande zote mbili kuisugua kwa brashi.

Siku hiyo nilikaa upande wa mlangoni. Upande wa stoo alikaa mwenzangu, mzee ninayemwita Papa kama wanavyosema kwao, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, fundi kunizidi, anayetoka kambini kwa kibali. Meneja alitupitia asubuhi.

"Maji yakiingia kwenye kompresa, fundi nakuandikia barua ya onyo. Na huyu mzee, kibali chake sitakiombea tena."

Si mtu mbaya yule. Kompresa ndiyo inayosukuma gesi; ikifa pale, hakuna nyingine.

Katikati ya kusugua nikaona tundu moja linatoa mapovu. Mrija umetoboka, gesi inavuja. Mrija wa hivyo huzibwa ncha zote mbili kwa vizibo vya shaba. Nikagonga changu, nikapaza sauti, "Papa, safu ya tatu, la nne."

"Sawa, mukubwa. Leta sabuni na miye nipime kwanza."

"Wewe gonga tu, mimi nimeshaona."

Maneno hayo niliyasema mimi. Yeye alitaka kupima.

Kabla ya kufunga, alimulika tochi kutoka kwake nami nikachungulia. Matundu yote yaliwaka, isipokuwa lenye kizibo changu. Halafu nikaona jingine, wazi kabisa upande wangu, lakini jeusi. Nikajiambia ni uchafu umebaki. Meneja alikuwa nyuma yangu anasema pikipiki za maziwa ziko njiani. Nikafunga kifuniko. Maji yalikuwa bado hayajafunguliwa. Meneja alisema tule kwanza.

Nikauangalia ugali nikiliwaza lile tundu jeusi. Kama tumeziba mirija miwili tofauti, kila mmoja ncha moja, basi ule mbovu uko wazi upande wa stoo. Siku mtambo utakapozimwa na presha ya gesi kushuka, maji yataingia kwenye gesi hadi kompresa.

"Mukubwa," akasema mwenzangu, "unaangalia hii bugali kama vile polisi."

"Papa, ulihesabu kuanzia wapi?"

"Gauche." Akanyanyua mkono wake wa kushoto.

Tulikuwa tumekaa tunatazamana, kama tulivyokuwa kwenye pipa. Nikanyanyua wangu wa kushoto. Wake ulikuwa upande wa dirisha, wangu upande wa ukuta. Akaacha kutafuna.

"Batafunga kibali," akasema polepole. "Niko na watoto ine kule."

Nilibaki nikipiga hesabu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukubali. Niliwaza kwamba mtambo ungeweza kwenda wiki nzima bila kuzimwa, na baada ya wiki nani atakumbuka nani aligonga wapi. Niliwaza pia kwamba wangemkumbuka yeye.

Nikaenda kwa meneja. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa ajili ya mwenzangu. Nadhani nilichoogopa zaidi ni kuusikiliza ule mtambo kila siku nikingoja ufe.

"Tufungue tena," nikamwambia. "Nilihesabu bila kuweka alama, halafu nikamkataza kupima."

"Yeye aligonga lipi?"

"Nililomwambia."

Alinitazama, akatazama pikipiki mbili zilizokwishaingia getini. "Maziwa haya utayanywa wewe?"

Tulifungua. Mwenzangu alipaka sabuni upande wake, na tundu lililo wazi likaanza kutoa mapovu, mbali kabisa na kizibo chake. Meneja aliinama akaona mwenyewe. Mwenzangu aling'oa kizibo, akakihamisha, akapima mara tatu. Kisha akachukua tupa, akakwaruza alama ya pa kuanzia kuhesabu kwenye ukingo wa pipa, pande zote mbili, upande wa dirisha.

Baadhi ya maziwa yalichacha, na mama mmoja wa Titye alirudi na madumu yake bila kuniaga. Alikuwa na haki.

Barua niliandikiwa. Kibali hakikuguswa. Kwenye bomba la gesi kuna kioo kidogo chenye alama ya kijani, inayogeuka njano maji yakiingia. Kila asubuhi nakiangalia hicho kwanza, ndipo nasalimia watu.