Benchi la Avril Pargeter

Avril Pargeter aliwaandalia wachezaji wa kriketi wa kijiji chetu chai ya alasiri tangu akiwa bibi harusi hadi akawa mjane. Kila Jumamosi ya kiangazi alikata sandwichi za matango katika jiko la klabu, na kwa kuwa dirisha la jiko lile linatazama maegesho ya magari, hakuwahi kuona hata mpira mmoja ukipigwa. Hilo halikumsumbua. Alichopenda ni makelele ya watu wakigombea keki yake, maana tangu mumewe Denzil afariki, nyumbani hapakuwa na sauti ila ya saa ya ukutani.

Mwaka huu kamati iliamua kila mchezaji aje na chakula chake. Mwenyekiti, Clive Sowerby, alimfuata jikoni, macho chini kama mtu aliyetumwa kumfukuza mpangaji.

"Avril mpendwa, tumeona tukupumzishe. Umejichosha kwa ajili yetu vya kutosha. Lakini kama una neno, sema, tutaacha."

Avril alitaka kumwambia: msininyang'anye, sina pengine pa kwenda.

"Neno gani tena, Clive? Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo."

"Una hakika?"

"Kabisa. Msihangaike kwa ajili yangu."

Akamkabidhi ufunguo wa jiko, na juu ya hayo akaomba radhi kwamba umeshika kutu.

Ndivyo tunavyolelewa sisi Waingereza, na mimi inanichefua. Mtoto akianguka anasifiwa kwa kutolia. Akikua anaambiwa asisumbue watu. Nasi tunaomsikiliza tunajua fika kwamba "sina neno" yake ni uongo, ila tunaidaka upesi kwa kuwa inatufaa. Clive alijua. Kamati nzima ilijua.

Dhamiri ikawasuta, wakamnunulia benchi la kuwekwa kando ya uwanja, wakalibandika kibao cha shaba chenye jina lake. Kwetu mabenchi ya namna hiyo huwekewa wafu, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja hilo, hata Avril mwenyewe. Siku ya kulizindua kulikuwa na manyunyu. Tulipiga makofi ya adabu, kisha tukakimbilia ndani kunywa kitu cha moto, tukimwacha ameketi pale benchini.

"Uko sawa hapo, Avril?" Clive aliuliza mlangoni.

"Raha mustarehe," alijibu, nywele zikimchuruzika maji. Clive akafunga mlango.

Jumamosi iliyofuata alikuja na chupa yake ya chai, akakuta bwana na bibi wageni wameshakaa kwenye benchi. Yule bibi alikuwa akisoma kibao: Avril Pargeter, kwa shukrani.

"Maskini," alisema akimgeukia. "Ulimfahamu huyu marehemu?"

Avril aliwaza jinsi mama wa watu atakavyoaibika akiambiwa ukweli.

"Kidogo," alijibu. "Hakuwa mtu wa makuu."

"Basi karibu ukae nasi, tunasogea."

"La, samahani, msisumbuke," alisema, akashika njia ya kurudi nyumbani.